Gari Yenye Makovu Ipewe Cheti Gani?

Haya jamani, walio nyuma mnanisikia? Sawa. Leo naongea kuhusu cheti cha uhalisi cha Ferrari, na kwa nini maonyesho ya magari ya zamani yasikiachie kiamue kila kitu, na kabla hujauliza inatuhusu nini sisi wa Nairobi wenye Peugeot na Datsun, subiri kidogo, tutafika.

Ferrari wana idara inaitwa Classiche, iko kwao Maranello, Italia. Ukiwa na Ferrari iliyozidi miaka 20 unaipeleka ikaguliwe, wanaangalia chesisi, injini, giaboksi, breki, bodi, wanalinganisha na rekodi za kiwanda, ikilingana unapewa cheti. Kazi nzuri hiyo, sipingi, maana Ferrari za mbio za miaka ya 60 zinazoitwa 250 GTO zilitengenezwa 36 tu na moja iliuzwa mnadani California mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4, na pesa kama hiyo lazima ivute watu wa kugonga namba bandia za chesisi na injini.

Lakini sasa chukua ile gari inaitwa Breadvan. Ilitoka kiwandani 1961 ikiwa Ferrari ya kawaida ya aina ya 250 GT SWB. Mwenye timu ya mbio iliyokuwa nayo, Giovanni Volpi, alinyimwa GTO na Enzo Ferrari, mwenye kampuni, basi akamchukua injinia Giotto Bizzarrini ambaye alishaondoka Ferrari, wakaivisha bodi nyingine kabisa, paa limeenda moja kwa moja mpaka nyuma kama gari ya kubebea mkate, 1962 ikaingia mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ikawa mbele ya GTO zote mpaka ilipoharibika. Niambieni nyie, ukiirudishia bodi ya kiwandani umeipa uhalisi wake au umeiua? Ferrari wana hati nyingine ya magari yenye umuhimu wa kihistoria, hilo nawapa, ila bado ni wao wanaoamua historia ipi ni muhimu.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Idara inayotoa cheti ndiyo hiyohiyo inayofanya ukarabati na kutengeneza spea upya kwa michoro ya zamani, mpaka bloku ya injini. Yaani injini iliyosubuliwa juzi inaweza kupita kwa sababu imetoka kiwandani, halafu ile aliyoweka fundi miaka ya 60 ili gari iwahi mbio, na ikakimbia nayo miaka yote, inaweza kukataliwa! Hapo mimi nakataa. Maonyesho yakianza kudai cheti hicho mlangoni, majaji watabaki kukagua rangi na ving'aro tu. Rekodi za kiwanda ziletwe mezani, ndiyo, zisomwe, lakini uamuzi ubaki kwa jaji asiyeuza spea.

Sasa tuje kwetu. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975, na hizi tulizonazo nani hapa bado ana injini iliyokuja nayo? Tungedai namba ya injini ilingane na ya kiwandani, kwenye maonyesho yetu ya magari pale Ngong Racecourse wangeingia wangapi? Kwa hiyo naomba, andika. Nani alifungua injini, lini, spea ilitoka gari gani, tunza na risiti. Yangu ina injini ya tatu sasa, nimeipaki pale nje, boneti iko wazi na daftari liko kwenye siti ya mbele, nendeni mkalisome.