Kliniki Wameandika 80, Nyumbani Inasoma 78: Mhadhara wa Fundi Mizani kwa Wanajogingi wa Mtwara

Haya jamani, nyie mliokaa kule chini ya mwarobaini sogeeni, spika hii haina nguvu na upepo wa bahari nao unaibeba sauti. Shikamooni wakubwa zangu. Vijana mambo. Kwa wasionijua mi ni fundi mizani, msimu wa korosho ukifunguka mnaniona huko vijijini, msimu ukiisha natengeneza za madukani, za buchani na hizi za kupimia watu. Viongozi wenu wameniomba niongelee hili jambo linalowagombanisha kila wikiendi, kwamba mtu nyumbani mizani yake inasoma 78, akienda kliniki ya presha nesi anaandika 80 na nusu, anarudi hapa kanuna, anasema mazoezi hayafanyi kazi, mwingine anasema nesi kamzidishia. Nesi akuzidishie kilo ili apate nini?

Naanzia kwenye korosho maana hapa hakuna asiyeijua. Mkulima anapima AMCOS kwake, yani chama cha ushirika cha kijijini, gunia linaandikwa, mzigo unapakiwa mpaka ghala kuu, ukipimwa kule kilo zimepungua, ugomvi unaanza. Sasa kwenye ule upungufu kuna vitu viwili vimechanganyika na watu hawavitenganishi. Kuna tofauti ya mizani na mizani, halafu kuna unyaufu, yani korosho yenyewe imekauka, maji yametoka, kilo zimeondoka kweli na hakuna aliyeiba. Mizani zote mbili zinaweza kuwa nzima kabisa na namba zisilingane. Mwili nao ndo hivohivo, tena afadhali korosho, yenyewe haili wala hainywi njiani. (Kicheko)

Kwa hiyo ukiwa na namba mbili mkononi usikimbilie kuuliza mizani ipi inadanganya. Uliza kwanza, aliyepanda hapa na aliyepanda kule ni mtu yuleyule? Nyumbani unapanda asubuhi umeshatoka chooni, tumbo tupu, kanga moja au bukta. Kliniki unafika saa nne, umeshakunywa chai na ming'oko, chupa ya maji umeimaliza kwenye foleni, umevaa jinzi, umevaa viatu, mfukoni simu na funguo za bodaboda. Hesabu wenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala, ikiingia mdomoni tu imeshakuwa kilo moja yako. Jinzi nzito inavuka nusu kilo. Viatu vya ngozi vya mwanaume, vile vya kwendea harusini, pea inaweza kukaribia kilo. Simu kubwa gramu 200. Hapo hatujagusa ming'oko. Zile kilo mbili na nusu unazomdai nesi nyingi umeenda nazo mwenyewe.

Na hata usipobadili nguo, mtu mzima kupanda na kushuka kilo moja mpaka mbili ndani ya siku ni kawaida kabisa. Ukila ng'onda jioni, samaki mwenye chumvi yake, mwili unashika maji ya kuizimulia ile chumvi na kesho asubuhi unajikuta umepanda bila kuongeza hata chembe ya mafuta. Akina mama wanajua siku za karibu na hedhi wengi wanapanda. Halafu nyie mnaokimbia, mkimaliza hapa mnapanda mizani mnashangilia kilo imeshuka, ile ni jasho, ukinywa madafu mawili inarudi. Na wale wanaokimbia na makoti ya mvua ili "wakatike", kwa joto la Mtwara hili, mi nasema wazi ule ni ujinga, unakausha maji ya mwili na mafuta yamekaa palepale, siku moja tutambeba mtu hapa.

Sasa tuje kwenye mashine.

Mizani hii ya kioo mnayonunua madukani nimeileta moja, nimeifungua, msogee muione. Chini kuna miguu minne, na kila mguu una kichuma kidogo kama ulimi, kimegandishwa uzi mwembamba wa umeme juu yake. Ukipanda, ulimi unapinda kidogo sana, jicho halioni, ule uzi unavutika na umeme unapita kwa tabu kidogo, basi. Hizi waya nyekundu, nyeupe na nyeusi zinakuja kwenye bodi hii ndogo ya umeme ya katikati, inajumlisha miguu yote minne, inakuandikia namba. Kwa hiyo kioo hakipimi chochote, kinachopima ni miguu. Ndo maana mguu mmoja ukikaa vibaya hesabu yote imeharibika.

Na nyumbani miguu inakaa vibaya sana! Mtu kaweka mizani juu ya zulia, juu ya mkeka, mwingine mguu mmoja umeingia kwenye mfereji wa marumaru. Juu ya kitu laini mizani inazama, tumbo lake linagusa zulia, uzito wako mwingine unapitia pale bila kupita kwenye miguu, basi unasoma kilo chache kuliko ulizonazo, na watu wakiona wamepungua hawalalamiki, ndo wanaipenda zaidi ile mizani. Weka sakafuni, simenti au marumaru iliyonyooka. Simama katikati, uzito miguu yote miwili, usiinamie mbele kuchungulia namba maana ukiegemea upande mmoja kuna mizani namba zake zinabadilika. Na unyevu wa bafuni na hii hewa yetu ya chumvi ni sumu, nafungua mizani za watu nakuta ndimi zimeshika kutu, nyingine mende wametaga humo ndani. Kwani lazima ikae bafuni? Weka chumbani.

Kuna jambo la sifuri ambalo wengi hawalijui. Hizi za dijitali ukiihamisha, hata ukiisogeza tu kwa ufagio, nyingi zinapoteza sifuri yake. Ikanyage kwa mguu iwake, iache, isubiri iandike 0.0 yenyewe izime, hapo ndo upande. Ukipanda mara moja baada ya kuihamisha namba ya kwanza usiiamini.

Halafu kuna ujanja, huu naomba mnisikilize vizuri. Baadhi ya mizani za nyumbani zinakumbuka namba ya mwisho. Ukishuka ukapanda tena na tofauti ni ndogo, inakurudishia namba ileile ya mwanzo ili uione ni mizani makini isiyoyumba. Unajipima mara tatu unapata 78.4, 78.4, 78.4, unasema mashine ya Mjerumani hii. Kumbe imepima mara moja tu! Ijaribu hivi, jipime, shuka, panda tena umeshika chupa ya maji ya robo lita. Ikigoma kusogea ujue inakukariria. Dawa yake panda umebeba ndoo ya maji, shuka, halafu panda mikono mitupu.

Za springi, zile za mshale zenye kigurudumu pembeni, sina mengi. Kigurudumu ni cha kurudishia mshale kwenye sifuri kabla hujapanda, na watu hawakigusi toka wainunue. Springi inachoka, hasa kwa wale wanaoifanya kuwa meza ya kuwekea ndoo. Vistari vyake vingi ni nusu kilo au kilo nzima, kwa hiyo usije kuniambia umepungua gramu 300 kwa mizani ya mshale.

Kliniki je? Hapo mtakuta za aina mbili tatu. Kuna ile ya nguzo ya kusukuma vyuma, ya zamani, na mi ndo naipenda kuliko zote. Hiyo haitegemei springi wala betri, inalinganisha uzito wako na vyuma vyake mpaka mkono ulale sawa. Hata uvutano wa dunia hauisumbui. Maana hili nalo lipo, dunia haivuti sawa kila mahali, huku kwetu karibu na ikweta inavuta kama mita 9.78 kwa sekunde mraba, kule Ulaya ya kaskazini kama 9.81, hivyo mizani ya springi au ya dijitali iliyowekwa sawa kule ikaletwa Mtwara bila kurekebishwa, mtu wa kilo 70 itamsoma pungufu kama gramu 200. Nimewaambia kwa sababu kuna kijana atakwenda kusoma intaneti aje anibane, lakini gramu 200 ni simu yako, sio sababu ya kugombana na nesi.

Za dijitali za kliniki kwa kawaida zina sensa nzuri na bodi ngumu isiyopinda, ndo maana bei yake inatisha. Ila sio msahafu. Ile inapandwa na watu mchana kutwa, na siku za huduma ya mkoba inafungwa kwenye pikipiki inapelekwa kijijini, inatandikwa kwenye mchanga chini ya mkorosho. Mizani za korosho Wakala wa Vipimo wanazihakiki kila mwaka na kuzibandika stika, sasa we ya kwako ya bafuni nani aliwahi kuja kuihakiki? Na ya kliniki ukiona haina stika yoyote, kuuliza lini ilikaguliwa sio utovu wa adabu.

Kwa hiyo ukinibana nikwambie ipi ni ya kweli, nakwambia hivi: kliniki mizani ni nzuri ila mtu anayepanda hajajiandaa, nyumbani mtu amejiandaa ila mizani ni mbovu. Ukitaka kujua kama jogingi inakusaidia tumia ya nyumbani, hiyohiyo moja, mahali palepale, saa ileile, andika kwenye daftari, uangalie wiki nne zinaelekea wapi. Kama yako inazidisha kilo mbili basi inazidisha mbili kila siku, kushuka kwako kutaonekana tu. Usichanganye, usichukue ya leo kliniki ukaitoa na ya jana bafuni. Na kliniki vua viatu, toa vya mfukoni, mwambie nesi aandike ulivyopima.

Lakini kuna mahali nusu kilo sio mchezo, ni kwa watoto. Dawa mseto ya malaria inatolewa kwa kilo, kuanzia 5 mpaka chini ya 15 kidonge kimoja kwa dozi, 15 mpaka chini ya 25 viwili, 25 mpaka chini ya 35 vitatu, 35 kwenda juu vinne. Mtoto wa kilo 14.7, mizani ikiongopa kidogo au akipimwa na viatu na sweta, ameshahamia kundi lingine. Kwa hiyo hapo apimwe kituoni, nguo chache, usiwatajie kilo ulizokadiria nyumbani.

Na kwa wenye vichanga, ile mizani ya saa ya kuning'iniza ina vistari vya gramu 100 na mwisho wake kilo 25. Kile kisuruali cha kumtundikia kinatakiwa kining'inie kwanza kikiwa kitupu, mshale urudishwe sifuri, ndo aingie mtoto. Mama chungulia mwenyewe, ni haki yako. Nepi iliyolowa itoe. Akirusha miguu mshale unacheza, subirini atulie, sio unakisiwa katikati ya kilio halafu kwenye kadi mstari unaonekana umeshuka, mama hapati usingizi wiki nzima. Ile ya nyumbani ya kupanda na mtoto halafu bila mtoto ukatoa, kwa kichanga haifai, unapima mara mbili na kosa linaingia mara mbili.

Na wagonjwa wa moyo au figo walioambiwa na daktari wajipime kila asubuhi, wao hata ya bafuni inatosha, kwa sababu kinachotafutwa ni kupanda ghafla. Ukiona kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku mbili tatu hayo ni maji yanajaa, usingoje siku ya kliniki, nenda.

Ndiyo mama, wewe wa kitenge cha njano. Anauliza hizi mpya zinazosema asilimia ya mafuta. Haya, zile zenye vyuma juu ya kioo zinapitisha umeme mdogo sana mguu huu kwenda huu, maji yanapitisha umeme vizuri, mafuta hayapitishi, zinakisia kutokana na hapo pamoja na urefu na umri ulioingiza. Kwa hiyo ukinywa maji mengi au ukitoka kukimbia umekauka, mafuta "yanabadilika" palepale. Uzito wake soma, hiyo asilimia usiikosee usingizi. Na mwenye kifaa cha umeme cha moyo mwilini asizipande kabisa, atumie ya kawaida.

Mlokuja na mizani zenu zipangeni pale kwenye saruji, sio kwenye mchanga. Mawe yangu ya kilo 20 yapo matatu kwenye gari, tutaweka moja, halafu mawili, halafu yote. Isomayo 20, 40, 60 unaondoka nayo hivyohivyo, isomayo 19.4 naiandikia kwa kalamu chini imepunguza ngapi, na ambayo kila jiwe inasoma namba yake ya kubuni, hiyo niachieni, nitaichukua vipuri.