Azam FC Kabla ya Ubingwa: Miaka Sita ya Timu Isiyo na Urithi

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie timu changa za soka la kulipwa, nami nimechagua Azam FC ya mwaka 2008 hadi 2014. Wengi huisimulia timu hii kama habari ya fedha. Mimi naamini fedha ndiyo sehemu iliyo nyepesi kuliko zote katika habari hiyo.

Timu ilianzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kampuni za mfanyabiashara tajiri Said Salim Bakhresa jijini Dar es Salaam, ikapanda hadi kuingia Ligi Kuu mwaka 2008. Huko iliikuta Yanga, iliyozaliwa mwaka 1935, na Simba, iliyozaliwa mwaka 1936, ambazo zilikuwa zimekwisha kuwagawana Watanzania hata ndani ya nyumba moja. Mtoto wa Kitanzania hurithi jina la ukoo na hurithi timu pia. Azam haikuwa na mtu wa kuirithi. Ilipocheza na mmoja wa wakongwe hao katika jiji lake yenyewe, majukwaa yalikuwa ya mwenzake, na yule shabiki wa Yanga aliyeishangilia ilipokutana na Simba ndiye aliyeizomea ilipokutana na Yanga. Kijana anayecheza hivyo msimu baada ya msimu hujifunza kupata ari kutoka kwa wenzake kumi walio uwanjani, kwa kuwa kwingine haipatikani, na hilo huchukua muda ambao mshahara mzuri hauwezi kuufupisha.

Benchi la ufundi nalo halikutulia. Walipita makocha wa Kibrazili, akaja Mwingereza Stewart Hall, ambaye aliondoka mwaka 2012 akampisha Mserbia Boris Bunjak. Huyu alidumu kwa muda mfupi tu, kisha Hall akarudishwa. Nasema kwa heshima kwamba hiyo ndiyo pupa inayoziumiza klabu zenye uwezo: kila kocha huja na mfumo wake, na mchezaji aliyekuwa ameanza kuuelewa ule wa kwanza hulazimika kuanza upya.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo hayakuguswa na pupa hiyo. Klabu ilijenga uwanja wake huko Chamazi, ng'ambo ya Mbagala, wakati ambapo Simba na Yanga zilikuwa bado zikitegemea viwanja vya serikali kwa mechi zao za ligi. Ililea vijana, wakiwemo Himid Mao na Farid Mussa, na ikawapa nafasi katika kikosi cha wakubwa kabla hawajakamilika. Ilimwamini John Bocco tangu siku za mwanzo kabisa, naye akamaliza msimu wa 2011/12 akiwa mfungaji bora wa ligi, timu ikishika nafasi ya pili. Mwaka 2013, katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ilitoka sare ya bila kufungana na AS FAR ya Morocco jijini Dar es Salaam, kisha ikafungwa 2–1 ugenini Rabat. Bao moja zaidi lingetosha kuivusha, kwa kuwa timu zilipolingana, bao la ugenini ndilo lililoamua.

Sasa naomba tukae kidogo Mbeya, tarehe 13 Aprili 2014. Siku hiyo Azam ilikwenda Uwanja wa Sokoine kukutana na Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, changa kuliko yenyewe, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu na iliyomaliza katika nafasi ya tatu. Mbeya City ilikuwa na kile hasa ambacho Azam ilikikosa, yaani mji mzima nyuma yake, lakini haikuwa na msingi wa kuulinda umaarufu huo, na miaka ya baadaye ikashuka daraja. Azam ilishinda 2–1, ikatwaa ubingwa, na ikamaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Tangu Mtibwa Sugar ilipotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, hakuna timu nyingine iliyokuwa imeupokonya kutoka mikononi mwa Simba na Yanga.

Kocha wa ubingwa ule, Mkameruni Joseph Omog, alikuwa ameikuta timu msimu ukiwa umekwisha kuanza. Bocco, aliyefunga bao la ushindi pale Sokoine, alikuwa na timu hiyo kwa miaka yote ambayo ilikuwa imecheza Ligi Kuu hadi siku ile.