Wahubiri Walioutaka Ukuta: Dini na Dola Nchini Marekani

(Mhadhara kwa wazazi na viongozi wa dini wanaozungumza Kiswahili, Louisville, Kentucky)

Shikamooni wazee. Wachungaji, mashehe, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira mkaja kukaa humu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wazazi wengi wanaulizana pembeni. Hawa Wamarekani wana kanisa kila kona, na sarafu zao zimeandikwa kwamba wanamtumaini Mungu. Mbona shuleni hawasali? Mtoto anafika asubuhi, anasimama kuapa utii kwa bendera, kisha hesabu. Sisi tuliosoma Tanzania tulikuwa na kipindi cha dini: Wakatoliki chumba hiki, Walutheri kile, Waislamu na ustadhi wao. Mliosoma Congo mnazijua shule za Wakatoliki, za Waprotestanti na za Wakimbangu, ambako kanisa linaendesha shule na mwalimu anasubiri mshahara wa serikali, ukija. Halafu mnafika hapa mnaambiwa dini ibaki nyumbani na kanisani. Wengine mmeshakata shauri kwamba nchi hii imemfukuza Mungu darasani.

Leo nimekuja kubishana nanyi. Walioanza kudai kwamba serikali ikae mbali na dini walikuwa wahubiri, tena wale wa moto, na mmoja wao alihamia jimbo hili hili.

Twende Fredericksburg, Virginia, mwaka 1768. Virginia bado ni koloni la Mwingereza, na Kanisa la Kiingereza, yaani Anglikana, ndilo kanisa la serikali. Uwe Mbaptisti au Mpresbiteri, kodi ya kumlipa kasisi wa Kianglikana unatoa. Ukitaka kuhubiri nje ya kanisa hilo, utafute kibali. Lewis Craig na wenzake walikuwa Wabaptisti na kibali hawakuwa nacho, wala hawakukitaka, kwa maana waliamini aliyewatuma kuhubiri si gavana. Wakakamatwa. Mbele ya mahakimu, wakili wa mashtaka alilalamika kwamba watu hawa ni wavurugaji: hawawezi kukutana na mtu njiani wasimshindilie andiko kooni. (Msicheke sana, humu ndani wamo.) Wakaambiwa waahidi kutohubiri kwa mwaka mmoja na siku moja, waende zao. Wakakataa. Wakapelekwa jela huku wakiimba wimbo wa dini katikati ya mji, na walipofungiwa ndani wakaendelea kuhubiri kupitia nondo za dirisha.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1774 kijana wa familia yenye mashamba makubwa, James Madison, alimwandikia rafiki yake kwa hasira kwamba katika kaunti ya jirani wamefungwa watu wema watano au sita kwa kosa la kutangaza imani yao. Madison mwenyewe alilelewa katika Kanisa la Kiingereza, lile linalokula kodi. Mkumbuke jina lake, kwa sababu ndiye aliyekuja kuandika rasimu ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba.

Craig yeye alichoka. Mwaka 1781 alikusanya waumini wake wa Spotsylvania, wazee, watoto na mifugo, wakavuka milima hadi Kentucky. Historia inawaita Kanisa Linalosafiri. Mliotoka Fizi na Uvira mkapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu sina haja ya kuwaeleza ibada ya njiani ilivyo.

Huko nyuma Virginia, mwaka 1784, Patrick Henry, msemaji hodari kuliko wote wa zama zake, alileta pendekezo ambalo nadhani lingepita humu ukumbini kwa kupiga makofi. Kila mtu atozwe kodi ya dini, ila achague mwenyewe iende kwa mhubiri wa kanisa gani. Mbaptisti alipe, pesa zimfikie Mbaptisti mwenzake. Kuna ubaya gani? Wabaptisti walikataa hata hizo pesa. Walisema Injili haihitaji mtoza kodi. Madison akaandika waraka wa kupinga mwaka 1785, na hoja yake moja naiona bado ina makali: serikali yenye uwezo wa kukutoza peni tatu tu kwa ajili ya dini, ina uwezo pia wa kukuamuru ufuate dini inayoitaka. Pendekezo likafa. Januari 1786 Virginia ikapitisha sheria ya uhuru wa dini aliyoiandika Thomas Jefferson, na mwaka 1791 Marekebisho ya Kwanza yakaingia katika Katiba. Yanasema mambo mawili kwa pumzi moja: Bunge lisitunge sheria ya kusimika dini, wala lisizuie watu kufuata dini yao. Ukisikia mtu anatamka nusu ya kwanza tu, au nusu ya pili tu, mwulize nyingine ameiacha wapi.

Neno "ukuta" halimo katika Katiba. Limetoka katika barua. Wabaptisti wa Danbury, jimboni Connecticut, walimwandikia Jefferson, sasa akiwa Rais, kumlalamikia kwamba kwao uhuru wa dini bado ni hisani ya wakubwa, kwa sababu Connecticut ilikuwa na kanisa lake la jimbo. Akawajibu tarehe 1 Januari 1802 kwamba watu wa Marekani wamejenga ukuta kati ya kanisa na dola. Siku hiyo hiyo alipokea zawadi ya jibini kutoka kwa wakulima wa Cheshire, Massachusetts: jibini moja, pauni 1,235, yaani kama kilo 560. Aliyelileta alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, John Leland, mpiganaji wa uhuru wa dini tangu Virginia. Jumapili iliyofuata Leland alihubiri ndani ya ukumbi wa Bunge la Wawakilishi, na Jefferson alikuwamo akisikiliza. Kwa hiyo mwandishi wa ukuta alisali ndani ya jengo la serikali siku mbili baada ya kuandika. Hapo ndipo mabishano ya hadi leo yanapopata chakula chake.

Majimbo, kwa wakati huo, yalikuwa huru kufanya yake. Massachusetts iliendelea na kodi ya kanisa hadi 1833. Ni mwaka 1947 tu ambapo Mahakama ya Juu ilitamka kwamba katazo la kusimika dini linayabana majimbo pia. Na katikati hapo damu ilimwagika. Huko Philadelphia, mwaka 1844, ugomvi wa Biblia ipi isomwe shuleni, ya Waprotestanti au ya Wakatoliki, ulichangia ghasia zilizochoma makanisa mawili ya Kikatoliki. Na hapa Louisville, tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi, makundi yaliwavamia wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland na Ujerumani. Walikufa watu wasiopungua 22. Wanaiita Jumatatu ya Damu. Walioshambuliwa walikuwa wageni waliofika na dini yao, kama nyinyi.

Sasa turudi darasani. Bodi ya elimu ya jimbo la New York ilitunga sala mwaka 1951, maneno 22 kwa Kiingereza. Nawasomea yote: "Mwenyezi Mungu, tunakiri kwamba tunakutegemea Wewe, na tunaomba baraka zako juu yetu, wazazi wetu, walimu wetu na nchi yetu." Imekwisha. Hakuna "kwa jina la Yesu", hakuna "Bismillahi", hata "Amina" haimo. Wachungaji, nani kati yenu angeiita hiyo sala? Ilichujwa hivyo ili isimkere mtu, na bado wazazi kadhaa wa Long Island, Wayahudi wakiwamo, walikwenda mahakamani. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita dhidi ya mmoja, kwamba si kazi ya serikali kutunga sala ya watu wake. Nchi ikachafuka kwa hasira. Rais Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kushika kiti hicho, alipoulizwa alijibu kwamba dawa iko karibu: tusali wenyewe, zaidi majumbani, na kwa bidii zaidi makanisani.

Mimi nasimama na Kennedy. Sala iliyopitishwa na kamati ya serikali ni uji uliotiwa maji hadi mgonjwa na mzima wote wanaweza kuunywa, na hakuna anayeshiba.

Kentucky nayo ikajaribu njia yake. Mwaka 1978 ilitunga sheria kwamba Amri Kumi zibandikwe katika kila darasa la shule ya umma, kwenye bango la inchi 16 kwa 20, lililonunuliwa kwa michango ya watu binafsi ili isionekane kwamba serikali imelipa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, sheria iliagiza yaandikwe maneno ya kueleza kwamba Amri hizi zina matumizi ya kidunia, kwa kuwa ndizo msingi wa sheria za nchi za Magharibi. Herufi ndogo hizo ndizo zinazonisikitisha kuliko bango lenyewe. Sauti ya Mlima Sinai ilibidi ivalishwe koti la mwanasheria ili ipite mlangoni. Mahakama ya Juu iliifuta mwaka 1980, kwa kura tano dhidi ya nne.

Tena, Amri zipi? Mwulize Mkatoliki au Mlutheri amri ya sita, atakujibu usizini. Mwulize Mpentekoste, atakujibu usiue. Wayahudi wana hesabu yao pia. Serikali ikichagua bango, imeshachagua kanisa, itake isitake.

Mambo hayajatulia. Mwaka 2005, kwa siku moja, Mahakama ya Juu ilikataza Amri Kumi kwenye mahakama za kaunti mbili za hapa Kentucky, McCreary na Pulaski, na ikaruhusu mnara wa Amri hizo hizo ubaki kwenye viwanja vya makao makuu ya jimbo la Texas. Jaji mmoja, Breyer, ndiye aliyekuwa upande wa ushindi mara zote mbili. Mwaka 2022 ikampa haki kocha wa shule ya umma ya Bremerton, jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga magoti na kusali katikati ya uwanja mechi ikiisha. Louisiana mwaka 2024, kisha Texas mwaka 2025, zikarudisha sheria ya mabango madarasani, na kesi zikafunguliwa. Miongoni mwa walioishtaki Louisiana wamo wachungaji. Na miongoni mwa wanaoyashangilia mabango wamo Wabaptisti, warithi wa Craig na Leland. Dhehebu likiwa dogo hulilia ukuta. Likishakuwa kubwa, ukuta huanza kulibana.

Kwenye pesa, Kentucky ilinishangaza. Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama Katiba ya jimbo ibadilishwe ili fedha za umma ziweze kwenda nje ya shule za umma, za kanisa zikiwamo. Ni jimbo la wacha Mungu hili. Kaunti zote 120 zilisema hapana. Wengi walikuwa wakizitetea shule zao za vijijini kuliko kumkumbuka Madison, lakini peni zake tatu zilipata kura.

Nusu ya pili, ile ya kutozuia dini, ina mtu ambaye hamhitaji kutambulishwa: mtoto wa mji huu, Muhammad Ali. Mwaka 1967 alikataa jeshi kwa sababu ya imani yake ya Kiislamu. Akahukumiwa miaka mitano, faini dola 10,000, mkanda akanyang'anywa. Mwezi Juni 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ile, majaji wanane kwa sifuri. Wazee mliokesha redioni Oktoba 1974 akipigana Kinshasa, mjue kwamba bila uamuzi huo angekuwa na kifungo cha kutumikia.

Na kwa watoto wenu: tangu 1943, kwa kesi iliyoletwa na familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, hakuna shule ya umma inayoweza kumlazimisha mtoto kuisalimu bendera au kuapa utii kwayo. Mtoto anaweza kusali kimoyomoyo kabla ya mtihani, na kusoma Biblia au Kurani wakati wa mapumziko. Mwalimu asichoweza ni kuliongoza darasa katika sala. Akifanya hivyo siku sala ni ya Kikristo, kesho atakuwapo mwalimu wa dini usiyoijua.

Maswali sasa.

Mama mmoja anauliza kama mwanawe anaweza kuanzisha kikundi cha maombi sekondari. Ndiyo. Kuna sheria ya mwaka 1984: shule ya sekondari inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu vilabu vingine visivyo vya masomo, haiwezi kukikataa cha maombi. Ila kiongozwe na wanafunzi wenyewe. Mchungaji asiwe anafika kila wiki kukiendesha.

Mchungaji pale nyuma anauliza kuhusu ukumbi wa shule kwa ibada za Jumapili, kwa kuwa kodi ya pango ya mahali mlipo imepanda. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule iliyofungulia vikundi vingine milango baada ya masomo haikuwa na haki ya kukifungia nje kilabu cha Biblia cha watoto kwa sababu ni cha dini. Ibada kamili ya Jumapili imeleta mabishano yake mahakamani, lakini shule nyingi nchini hukodisha kumbi kwa makanisa, na mnalipa kiasi kile kile wanacholipa wengine. Nendeni ofisini katikati ya juma, mwombe fomu, mwulize na bei ya kusafisha, maana hiyo huwa haimo katika kodi.