Toba Isiyotaja Kosa

MCHUNGAJI: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu wa hapa Dodoma na popote mlipo. Leo tunazungumzia kujichunguza, jambo tunalolihubiri sana wakati wa Kwaresima na kulitenda kwa nadra. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Amina, Mchungaji, asante. Mtu akiulizwa habari za dhambi zake, mara nyingi hujibu upesi kwamba sisi sote ni wakosefu. Ni kweli, lakini ukweli huo umegeuzwa kuwa maficho, kwa sababu anayekiri kwa jumla halazimiki kutaja alichokosa, aliyemkosea, wala atakachorudisha.

MCHUNGAJI: Basi akiri vipi?

MWALIMU: Kama Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa yeyote aliyemnyang'anya kwa hila, ilhali sheria ya Musa, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, ilimtaka aliyeungama arudishe yote aliyodhulumu na kuongeza sehemu ya tano tu. Sasa tuje huku kwetu. Mfanyabiashara anayenunua mahindi vijijini kuyapeleka soko la nafaka la Kibaigwa analijua vyema debe lake: limegongwagongwa kwa ndani mpaka kitako kimetuna, ili limeze zaidi ya debe halali. Anajua pia kwamba gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, humpa mkulima bei ya gunia moja huku likiondoka na zaidi. Mtu huyo hufunga, huomba, tena huimba kwaya, lakini katika sala zake zote debe halitajwi.

MCHUNGAJI: Na sadaka yake ndiyo inayoezeka makanisa yetu, kwa hiyo wachungaji wengi hawamuulizi. Wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Tanganyika, walikuwa wakali katika jambo hili: waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba.

MWALIMU: Ninawaheshimu sana, hasa kwa kule kurudisha. Kuungama hadharani, kwa maoni yangu, kuna hatari yake, maana mtu anaweza kuanza kupendezwa na ushuhuda wake mwenyewe. Wapo pia wanaojichunguza hadi wakakosa usingizi, wakidhani kujitesa ni utakatifu. Paulo, katika 1 Wakorintho 4, anasema hajihukumu hata nafsi yake, kwa kuwa anayemhukumu ni Bwana. Ndiyo maana mwandishi wa Zaburi 139 anamwomba Mungu amchunguze, badala ya kuitegemea dhamiri yake peke yake.

MCHUNGAJI: Hata hivyo, Mungu hutumia watu.

MWALIMU: Hutumia hasa wale tusiopenda kuwasikiliza. Ukitaka kujua kama upole wako ni wa kweli, usimuulize askofu wako. Muulize dada anayekusaidia kazi za nyumbani, au kijana anayekubebea magunia, kisha unyamaze mpaka amalize. Anayekutegemea kwa mshahara ameona tabia yako siku ambazo hukuwa na sababu ya kujipamba.

MCHUNGAJI: Kama atathubutu kusema.

MWALIMU: Asipothubutu, hilo nalo ni jibu.

MCHUNGAJI: Tumrudie mfanyabiashara wetu. Wakulima aliowapunja ni wengi na wametawanyika. Je, akileta fedha hizo kanisani, haitoshi?

MWALIMU: Hesabu 5 inaweka utaratibu. Malipo humwendea kwanza aliyedhulumiwa. Ikiwa hana jamaa wa kupokea, ndipo yanakuwa ya Bwana na kukabidhiwa kuhani. Kwa hiyo anayemkumbuka mkulima fulani wa kijiji fulani kule Kongwa apande basi amfuate, hata kama sadaka ya shukrani ya Jumapili itapungua. Wale asiowakumbuka, hapo alete kanisani, na kanisa litafute namna ya kuwafikishia wakulima wahitaji.

MCHUNGAJI: Na debe lenyewe?

MWALIMU: Aliponde kabla ya mavuno yajayo, na anunue kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.