Glavu Iliyojaa Dhahabu: Kumpima Mfalme Henry wa Tano

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuvumilia. Niliombwa nizungumzie namna ya kuipima tabia ya mfalme mpiganaji katika tamthilia ya kihistoria, nami nimemchagua mmoja tu: Henry wa Tano wa Uingereza, kama Shakespeare alivyomchora mwaka 1599. Wengi wetu tulimjua Shakespeare kupitia kwa Mwalimu Nyerere, aliyetutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Henry hakupitia mikononi mwa Mwalimu, kwa hiyo itabidi niwasimulie kidogo kidogo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mfalme kijana anadai kiti cha Ufaransa. Mwaka 1415 anavuka bahari, anauzingira mji wa bandari wa Harfleur mpaka unasalimu amri, kisha jeshi lake, limechoka na limejaa wagonjwa, linakutana na jeshi kubwa la Wafaransa pale Agincourt tarehe 25 Oktoba. Anashinda.

Niseme wazi kwamba nilimpenda mfalme huyu. Nilikuwa sekondari, mwalimu akatusomea hotuba ya asubuhi ya vita, pale mfalme anapowaambia watu wake kwamba atakayemwaga damu pamoja naye siku hiyo atakuwa ndugu yake, hata kama ni mtu wa chini kabisa. Mwili ulinisisimka, na hadi leo unanisisimka. Asiyeguswa na maneno yale asimhukumu Henry, maana hajaelewa kwa nini watu wenye njaa na homa walimfuata.

Ila kusema vizuri ni sehemu ya kazi ya mfalme. Tabia yake mimi naitafuta mahali pengine. Ukiisoma tamthilia hii, ifuatilie lawama. Kila inapozuka, tazama inamwangukia nani.

Anzeni mwanzoni. Henry anamuuliza Askofu Mkuu wa Canterbury: je, nina haki ya kukidai kiti hiki? Askofu anajibu kwamba kama kuna dhambi, iwe juu ya kichwa chake yeye askofu. Sisi watazamaji tumeshamsikia askofu huyohuyo akihangaikia muswada unaotaka kulinyang'anya Kanisa mashamba yake, na vita vya ng'ambo vitamsaidia sana. Mfalme hamhoji zaidi. Mzigo wa kwanza umepata mbebaji. Muda si mrefu mwana wa mfalme wa Ufaransa anamletea Henry zawadi ya dhihaka, mipira ya tenisi, na Henry anatangaza kwamba wajane na mayatima watakaotokana na vita hivi watamlilia kijana yule kwa utani wake. Mzigo wa pili.

Mbele ya malango ya Harfleur anasema maneno ambayo huwa nayasoma polepole darasani. Anamwambia gavana kwamba mji usipofunguliwa, mabinti watanajisiwa, wazee watashikwa ndevu zao nyeupe na vichwa vyao kupondwa ukutani, vichanga vitachomwa mikuki na kuinuliwa juu. Kisha anauliza: mimi inanihusu nini, ikiwa ninyi wenyewe ndio chanzo? Malango yanafunguliwa, naye anaagiza wenyeji watendewe huruma. Nampa haki yake kwa hilo. Nampa haki pia kwa amri yake kwamba vijiji visiporwe na kila kitu kilipiwe, amri aliyoisimamia hata pale Bardolph, rafiki yake wa zamani wa vilabuni, aliponyongwa kwa kuiba kanisani. Lakini lile swali la Harfleur, "inanihusu nini", msiliache njiani.

Sasa twende usiku wa kuamkia vita, mahali ambapo mimi naona tamthilia yote imewekwa kwenye mizani. Mfalme ameazima joho la mzee Thomas Erpingham, anatembea kambini gizani bila kujulikana. Anakaa na askari watatu wa kawaida. Mmoja anaitwa Michael Williams. Williams anasema: ikiwa sababu ya vita hivi si njema, mfalme ana hesabu nzito ya kutoa, siku ile miguu na mikono na vichwa vilivyokatwa vitakapoungana tena na kupiga kelele, "Tulifia mahali fulani." Sisi tuliolelewa na Yasini masikioni hatuhitaji kufafanuliwa hapo. Tunaijua siku ambayo vinywa vitafungwa, mikono iseme na miguu itoe ushahidi.

Henry anajibu kwa kirefu, na anajibu vizuri. Baba akimtuma mwanawe safari ya biashara, anasema, na mwana akafa baharini na madhambi yake, baba hana hatia. Utii wa kila raia ni wa mfalme, bali roho ya kila raia ni yake mwenyewe. Ukisikiliza haraka utakubali. Lakini Williams aliuliza kuhusu sababu ya vita, na Henry amejibu kuhusu madhambi binafsi ya askari. Swali limebaki palepale kwenye nyasi zenye umande.

Wanagombana kuhusu ahadi ya mfalme kwamba hatakubali kukombolewa kwa fidia. Williams anasema tukishachinjwa sisi, yeye atakombolewa na hatutajua. Wanabadilishana glavu, kila mmoja aivae kofiani, ili wakikutana mchana wamalizane. Askari wanaondoka, mfalme anabaki peke yake, anapiga magoti. Hapa nilitegemea aikubali lawama hata moja. Anamwomba Mungu asilikumbuke leo kosa la baba yake, aliyemwondoa Mfalme Richard madarakani. Kosa la baba. Ameajiri maskini 500 wanaoinua mikono mara mbili kwa siku kuomba msamaha. Hata toba ina vibarua. Kwa haki, anakiri mwenyewe kwamba yote hayo hayatoshi, na pale namwonea huruma ya kweli.

Siku ya vita anaamuru kila askari amuue mateka wake, mara tu aliposikia Wafaransa wanajikusanya upya. Onyesho linalofuata tunaambiwa na kapteni mmoja wa jeshi lake kwamba aliamuru hivyo kwa sababu vijana waliolinda mizigo walichinjwa. Linganisheni wenyewe: amri ilitangulia, sababu ikaja nyuma. Filamu ya Laurence Olivier ya mwaka 1944, iliyotengenezwa Uingereza ikiwa vitani, iliiacha kabisa amri hiyo, na ile ya Kenneth Branagh ya 1989 iliiacha pia. Nawaelewa, lakini mfalme aliyepunguzwa hivyo hatuwezi kumpima.

Vita vimekwisha. Henry anaichukua glavu ya Williams na kumpa Fluellen, kapteni katika jeshi lake, aivae, akimdanganya kwamba ni ya adui mkubwa aliyepigana naye. Williams anaiona, anafikiri amempata mtu wake, anampiga Fluellen. Tazameni, ndugu zangu. Kofi lililotayarishwa kwa ajili ya mfalme limetua kwenye shavu la mtu mwingine.

Kisha mfalme anajitokeza: uliyemtukana ni mimi. Adhabu ya maneno kama yale ingeweza kuwa kifo. Williams hapigi kelele wala halii. Anasema, mtukufu hukuja kwa sura yako, ulikuja kama mtu wa kawaida, ushahidi wangu ni usiku na mavazi yako. Basi yaliyokupata katika hali ile, nakuomba uyahesabu kuwa ni kosa lako mwenyewe, wala si langu.

Katika tamthilia nzima ni huyu askari anayemwekea Henry lawama miguuni na kumwambia ana kwa ana kwamba ni yake. Mfalme hamjibu. Anamgeukia ami yake Exeter, anamwambia aijaze glavu ile sarafu za dhahabu ampe mtu huyu. Fluellen naye anaongeza peni 12, na Williams anamwambia hazitaki. Kwa mfalme hasemi neno, hata ahsante. Nilipoicheza nafasi ile chuoni nilisimama na glavu mkononi, nzito, nikitafuta mstari wa kumshukuru mfalme. Shakespeare hakuuandika.