Huyo Si Mimi

Ndugu zangu, nianze na daftari. Kwetu Magomeni, mangi wa duka la kona ana daftari la shule, kava limeng'oka, ndani madeni matupu. Ukurasa mmoja ni wa babu yangu: unga kilo mbili, sabuni ya mche, sukari robo. Siku hizi babu kumbukumbu zimemtoka. Juzi mangi alipomgusia deni, mzee alijibu kwa upole, "Kijana wangu, huyo si mimi."

Tulicheka. Usiku nikaona babu kasema jambo ambalo mwaka 1694 mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliliongezea sura nzima katika toleo la pili la kitabu chake. Kwa Locke, unakuwa yule yule wa jana kwa sababu fahamu yako inarudi nyuma na kulishika tendo kuwa lako. Mwili hauamui. Kumbukumbu za mwana wa mfalme zikihamia kwa fundi viatu, huyo ni mwana wa mfalme, mtaa umwite utakavyo. Kwa kipimo hicho babu kashinda kesi!

Lakini Locke alijua mahakama humwadhibu mlevi hata kama hakumbuki alichofanya, kwani hakimu hawezi kuthibitisha kwamba kweli kasahau. Hesabu kamili akaiachia Siku ya Kiyama. Mangi hawezi kungoja mpaka huko.

Kinachonisumbua mimi ni mikono ya babu. Alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Jina langu halijui, ila mpe sindano: analowesha ncha ya uzi kwa ulimi, anaupitisha tunduni, anaviringisha fundo kwa kidole gumba, huku anatazama barabarani. Henry Molaison, Mmarekani ambaye baada ya kupasuliwa ubongo mwaka 1953 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya, alifundishwa kuchora nyota kwa kutazama kwenye kioo. Kila siku mkono ulizidi kuwa mwepesi, na kila siku mwenyewe aliona ndiyo mara yake ya kwanza. Kumbukumbu ya namna hii haisemi "mimi", na Locke hakuipa nafasi. Mimi naipa, maana nikiitazama ile mikono siwezi kusema babu hayupo.

Deni nimelilipa. Mangi alipokuwa anaukata ukurasa kwa kalamu, babu akaninong'oneza, "Umemlipia nani?"