Nimekaa Tu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Mama yangu alifanya kazi tangu akiwa msichana mdogo hadi siku miguu ilipomkatalia. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akishinda kwenye kiti karibu na mlango, na kila nilipoingia alinipokea kwa kuomba radhi: "Nisamehe mwanangu, unaniona nimekaa tu." Mwanamke aliyeamka kabla ya jua kwa zaidi ya miaka 50, ananiomba msamaha kwa sababu amekaa! Nilikuwa nikimjibu, "Pumzika mama, usijali." Lakini maneno hayo yalikuwa ya mdomoni. Mimi mwenyewe nikiwa nimejilaza nikasikia nyayo za mtu, nilikuwa nakurupuka na kushika karatasi yoyote iliyo karibu ili nionekane nina shughuli. Nadhani wengi wenu mmewahi kuishika karatasi hiyo.

Basi leo nimekuja kulitetea hilo neno dogo, "tu".

Tuanze na lugha yenyewe. Kupumzika ni ndugu wa pumzi na kupumua. Waliotuachia neno hili hawakulitoa kitandani, walilitoa kifuani. Na hakuna mtu anayejiona mwizi kwa kuvuta pumzi. Mtaniambia: lugha hiyohiyo inatuonya kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Ni kweli, na methali hiyo naikubali yote. Ila tazameni ajizi ni nini. Mwenye ajizi ana jambo linalomngoja naye analikwepa. Anayepumzika hakwepi kitu. Sisi tumeyatia mambo hayo mawili katika kapu moja, ndiyo maana tukikaa kidogo roho inatusuta kana kwamba kuna mtu tunamdhulumu.

Hebu kila mmoja aweke kiganja kifuani. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga takriban mara 75 kwa dakika, maana yake kila pigo huchukua kama sekunde 0.8. Katika muda huo, vyumba vikubwa vya moyo hujikaza kwa takriban sekunde 0.3, kisha hulegea kwa takriban sekunde 0.5. Kiungo tunachokisifu kuwa hakichoki hutumia sehemu kubwa ya uhai wake kikiwa kimelegea! Na kuna jambo linalonishangaza zaidi. Moyo unapojikaza, huibana mishipa inayolisha misuli yake wenyewe. Upande wa kushoto, unaosukuma damu mwili mzima, hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umelegea. Kwa hiyo wakati wa kuwapa wengine ni mmoja, na wakati wa kula chakula chake ni mwingine. Mapigo yakienda mbio, muda unaopunguzwa zaidi ni huo wa kulegea.

Ubongo nao una yake. Uzito wake ni takriban asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati, hata ukiwa umekaa kimya. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walieleza kwamba kuna maeneo ya ubongo yanayochangamka zaidi mtu anapoachwa bila kazi ya kufanya, na hupoa anapopewa kazi. Maeneo hayo yanahusishwa na kukumbuka, kuiwazia kesho na kuwafikiria wenzetu.

Hapa nijizuie. Nikiendelea hivi, mtatoka mkisema, "Kumbe mapumziko yanaongeza ufanisi." Yanaongeza, lakini hoja hiyo siitaki iwe ya kwanza. Ukipumzika ili kesho ufanye kazi zaidi, bado uko kazini, unanoa panga. Je, siku panga lisipohitajika tena? Mama yangu hakuwa akijiandaa kwa kazi yoyote. Kama mapumziko ni ya kunolea panga tu, basi kile kiti hakikuwa haki yake, na alikuwa na sababu ya kuniomba radhi. Nakataa.

Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Halikusema kila aliyemaliza kazi. Halikusema kila aliyechoka vya kutosha.

Najua wapo ambao tatizo lao la kwanza si hatia, ni muda. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mtu wa namna hiyo simwambii akae atulie. Namwambia adai kilicho chake. Na kuna nyumba ambamo mmoja hupumzika kwa sababu mwingine hakai. Baba, kaka, kijana, ukijilaza huku mtu anafagia chini ya miguu yako, hilo silitetei hapa.

Kwa mwenye nafasi, ajue mwanzo ni mgumu. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Timothy Wilson na wenzake walieleza jaribio ambamo watu walikaa peke yao chumbani dakika 15, bila chochote isipokuwa kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Kwa hiyo ukikaa dakika tano na mkono ukaanza kuitafuta simu, usijilaumu. Mimi ule mkono huuacha utafute, ukichoka hurudi. Sauti ya kusuta nayo huja, ikiorodhesha yote ambayo sijafanya, na mara nyingi orodha yake ni ya kweli. Naisikiliza nikiwa nimekaa.

Wiki chache kabla mama hajaondoka, niliingia jioni nikamkuta mahali pake. Nikaingoja ile radhi. Hakuiomba. Aliondoa fimbo yake juu ya kiti cha pili, nikaketi. Hatukuzungumza. Kivuli cha mti kilipanda ukuta taratibu mpaka kikaumaliza. Giza lilipoingia aliniuliza kama nasikia baridi. Nikamwambia sisikii, tukaendelea kukaa.